Figo yangu, kikohozi cha dogo

Figo yangu moja ninayo mwenyewe, ya pili anatembea nayo mdogo wangu mitaa ya Kinondoni. Tangu Muhimbili walipoanza kupandikiza figo hapa nchini mwaka 2017, watu kama yeye tunao mitaani. Basi dogo akikohoa, wa kwanza kushtuka ni mimi.

Mwaka 2022 alikohoa kweli, nami nilikuwa safarini. Bwana mkubwa badala ya kwenda kliniki akajikokota hadi duka la dawa la jirani, akauziwa erithromaisini. Hakuulizwa anatumia dawa gani nyingine, naye hakusema!

Siku ya nne narudi, nikamkuta mikono inamtetemeka, hata kikombe cha chai hakishiki vizuri. Teksi, kliniki. Damu ikapimwa: takrolimasi, dawa inayouzuia mwili usiikatae figo ya kupandikizwa, ilikuwa imepanda mno, na figo imeanza kulemewa. Figo yangu, jamani!

Daktari akatueleza. Ini ndilo linaloivunja takrolimasi, na erithromaisini inalizuia lisifanye kazi hiyo. Dawa inajazana kwenye damu, inaiumiza figo ile ile iliyotakiwa kuilinda. Rifampisini, ya kifua kikuu, ni kinyume chake: takrolimasi inavunjwa haraka, inapungua, mwili unaigeukia figo. Kilichoniuma zaidi, kikohozi chenyewe kilikuwa cha virusi. Antibiotiki isingekisaidia kitu.

Sasa usinielewe vibaya, eti dogo azikimbie antibiotiki zote. Miezi ya mwanzo baada ya upasuaji alimeza Septrin ya kumkinga na nimonia, na kuikatisha kienyeji nako ni hatari. Homa nayo hailali nyumbani. Kinga yake imeshushwa makusudi, kwa hiyo anawahi kliniki siku hiyo hiyo, damu au mkojo uoteshwe, ijulikane ni mdudu gani na dawa ipi inamuua. Vijidudu vikishakuwa sugu anabaki na dawa chache, na baadhi yake, kama jentamaisini, zinaweza kuumiza figo.

Dozi ikarekebishwa, damu ikapimwa tena na tena, figo ikatulia. Juzi mama kaja na vidonge vya rangi mbili alivyobakiza jirani: "Mwanangu, meza viwili tu, mafua yaishe." Dogo kavipokea kwa mikono miwili, kisha kanipigia simu akinong'ona:

"Bro, nimwambieje mama?"