Kichocho: Tahadhari kwa Wanaosafiri Kwenda Ziwani

Likizo ya shule inapowadia, familia nyingi hupeleka watoto kwa ndugu waishio kandokando ya Ziwa Victoria, iwe Mwanza, Ukerewe, Musoma au Bukoba. Mtoto hurejea akiwa mchangamfu, kumbe huenda amebeba kichocho pasipo mtu kutambua.

Kichocho husababishwa na minyoo. Mgonjwa anapojisaidia majini au karibu na maji, mayai ya minyoo hao huanguliwa na vimelea huingia ndani ya konokono. Baada ya wiki kadhaa, konokono hutoa vimelea visivyoonekana kwa macho, ambavyo hupenya ngozi ya binadamu kwa dakika chache. Si lazima mtu ayanywe maji hayo. Kuogelea, kufua au kuvuka kijito kwa miguu mitupu kwatosha kumwambukiza. Aidha, maji kuwa maangavu si ushahidi kwamba ni salama.

Msafiri anashauriwa asiogelee wala kuoga ziwani, mtoni au bwawani. Maji ya kuoga yachemshwe kisha yapozwe, au yahifadhiwe kwa siku mbili katika chombo safi kisicho na konokono, muda ambao vimelea hufa. Maji ya kunywa yachemshwe daima. Kujifuta kwa taulo baada ya kulowa si kinga ya kutegemewa. Maji ya bahari hayaambukizi kichocho.

Dalili za mwanzo ni muwasho wa ngozi, homa na kikohozi. Baadaye huja maumivu ya tumbo na damu katika mkojo au kinyesi. Wengine hawaoni dalili yoyote, ilhali ugonjwa usiotibiwa huweza kudhuru ini, utumbo na kibofu. Kwa kuwa mayai huchelewa kuonekana, aliyegusa maji hayo apimwe mkojo na kinyesi wiki 6 hadi 8 baadaye, hata kama anajihisi mzima. Mwenye dalili asisubiri. Tiba ni vidonge vya prazikwanteli, vinavyotolewa na mhudumu wa afya kulingana na uzito wa mgonjwa. Dawa hiyo huponya, lakini haizuii maambukizi mapya.

Aliyerejea na kichocho akijisaidia kijitoni kwao, na konokono wa aina hiyo wakawamo, ugonjwa huhamia kijijini. Kwa hiyo, kutumia choo ni kuwakinga majirani.