Vakansi ya Bulaya: hesabu kwanza miaka ya watoto

Jamaa ya Keshero inayotaka kupeleka watoto vakansi kwa ndugu walioko Ubelgiji ihesabu miaka yao mbele ya kuhesabu feza. Tangu Juni 2024, viza ya Schengen ya muda mfupi ni euro 90 kwa mtu mukubwa. Mtoto wa miaka 6 mpaka 11 analipa 45. Chini ya 6 ni bure. Akifikisha 12, analipa sawa na baba yake, na kutoa alama za vidole.

Baba, mama na watoto wa miaka 4, 9 na 14: euro 315, bila safari ya kuweka dosye Kinshasa. Wakikatala, feza hairudi. Mmoja anakaribia 12? Dosye inapokelewa tangu miezi 6 mbele ya safari: wekeni mapema.