Karoseri iliyooza: bati lishikwe vizuri kabla ya moto wa sudire

Kwenye magaraji mengi ya Goma, Bukavu, Uvira ao Butembo, kuko gari ya zamani inayosubiri tolie, yaani fundi wa karoseri. Mara nyingi ni Hiace ya kubeba watu ao Land Cruiser iliyotumika miaka mingi kwenye mawe na matope. Kwa inje rangi ingali nzuri. Lakini ukidunga kizingiti cha mlango na turnevisi, chuma kinabomoka kama biskuti.

Mwenye gari huuliza kwanza bei ya sudire. Kuko swali lingine ambalo wachache wanauliza, na ndilo linaamua kama kazi itadumu: bati jipya litashikwa na nini wakati wa kuchomea?

Si kazi ya urembo

Kutu hupenda sehemu ambako maji na matope vinabaki: vizingiti vya milango, sakafu, na sehemu za juu ya magurudumu. Inaanzia ndani, ndiyo sababu rangi inapovimba kwa inje, chuma kimekwisha kuliwa.

Kwa basi ndogo kama Hiace, sakafu na vizingiti vinasaidia kubeba uzito wa gari. Viti na mikanda vimefungwa hapo. Sudire mbovu ikiachia wakati dereva anafunga frein kwa ghafla, tuseme kwenye mtelemko wa Ngomo kati ya Bukavu na Uvira, kiti kinaweza kung'oka pamoja na watu wake. Tena, tundu la sakafu linaingiza moshi wa eshapma ndani ya gari. Moshi huo una gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na abiria wanaweza kusinzia bila kujua wanadhurika.

Moto unasukuma, baridi inavuta

Bati la karoseri ni jembamba, kwa kawaida kati ya milimita 0.7 na 1. Chuma kinayeyuka karibu digri 1500. Kikipata joto kinapanuka: kipande cha mita 1, joto likipanda digri 100 tu, kinarefuka kwa zaidi kidogo ya milimita 1. Mahali pa sudire joto linapita hapo mara nyingi. Kisha sudire inapopoa, inajikaza na kuvuta bati la pande zote mbili.

Kama bati halikushikwa, linapinda kama jani kavu. Nafasi kati ya vipande viwili inafunguka upande mmoja na kufunga upande mwingine, na mlango unakataa kufunga. Hapo mafundi wengine wanajaza mastiki nyingi, wanapiga rangi, gari inatoka. Kisha barabara inatikisa, mastiki inapasuka, maji yanaingia nyuma yake, na kutu inarudi palepale. Mwenye gari analipa mara ya pili.

Gari yenyewe ikae sawa kwanza

Kabla ya kukata kizingiti kilichooza, gari iwekwe kwenye sakafu iliyo sawa, bila mzigo, juu ya vikingi imara vya chuma. Kuiacha juu ya krike moja ni hatari kwa anayelala chini yake, na tena karoseri inaweza kupinda.

Fundi makini huchomea kwanza bomba la chuma kwenye uwazi wa mlango, kutoka nguzo moja hadi nyingine, ili uwazi usibadilike akikata. Anapima toka kona hadi kona, mara mbili kwa msalaba, na kuandika vipimo. Kisha anakata kuoza kote mpaka afike kwenye chuma kizima. Kuchomea bati jipya juu ya kutu ni kupoteza bageti. Rangi na kutu ziondolewe pande zote mbili, mpaka chuma kionekane cheupe.

Vifaa vya kushika, na kazi ya kila kimoja

Pensi-eto, zile koleo zinazojifunga zenyewe, ndizo za kwanza. Zinabana vipande viwili vilivyopandana, na mikono inabaki huru. Moja haitoshi: kwa ukingo mrefu, ziwekwe karibu karibu, kila sentimita 10 hivi. Shida yake ni moja: zinafika kwenye ukingo tu.

Katikati ya bati, visi vidogo ndivyo vinasaidia. Fundi anatoboa vipande vyote viwili kwa pamoja na kuvikaza mpaka vigusane. Bati likisha kushikwa na moto, visi vinatolewa na matundu yanazibwa. Hii ndiyo njia ya bei ndogo zaidi, na garaji lolote linaiweza.

Kuko pia riveti za muda zenye springi, zilizozoeleka kwenye kazi ya kuunda ndege. Zinaingia kwenye tundu dogo kwa koleo lake maalum, zinabana, kisha zinatoka na kutumika tena. Kwa vipande vinavyokutana ukingo kwa ukingo bila kupandana, kuko vibanio vidogo vyenye ulimi mwembamba, vinavyoacha nafasi ya milimita 1 hivi. Nafasi hiyo inaruhusu sudire kuingia mpaka ndani.

Sumaku ni nzuri kwa kupanga bati mahali pake, lakini ikae mbali na moto. Inavuta cheche ya umeme pembeni, na yenyewe inapoteza nguvu ikipata joto kali.

Kisha kuko kifaa ambacho hakipaswi kuwa kifaa: mkono wa kijana anayejifunza kazi. Kwenye magaraji mengi yeye ndiye anashika bati huku mkubwa wake anachomea, bila glavu wala maski. Mkono unatetemeka, bati linasogea. Vidole vinaungua. Usiku macho yanawasha kama yamejaa mchanga, sababu mwanga wa sudire umeyachoma. Visi kumi vinafanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Pwenti kwanza, mstari baadaye

Bati likishikwa, fundi anapiga pwenti fupi, moja huku, nyingine kule, kila sentimita 3 hadi 5. Haendi mstari mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Baada ya pwenti za kwanza anasimama, anafunga mlango, anapima tena msalaba. Kama kuko kosa, pwenti chache ni rahisi kukata. Mstari mzima haurudi.

Ndipo anajaza kati ya pwenti, kidogo kidogo, akirukaruka, na kuacha bati lipoe lenyewe. Kumwagia maji kunaongeza kupinda. Mashine ya uzi wa milimita 0.6 ao 0.8 inafaa zaidi kwa bati jembamba. Bageti nene inatoboa, na shalumo inapasha joto sehemu kubwa, kwa hiyo kushika kunahitaji nguvu zaidi.

Manjanja na mapipa: tahadhari

Wengine wanakata kiraka kwenye manjanja ya nyumba. Bati la BG 32 halifiki hata nusu milimita, halina nguvu ya kubeba kiti. Tena limepakwa zinki, na moshi wake unaleta homa na kutetemeka saa chache baadaye. Chuma cha pipa la lita 200 ni kinene zaidi, lakini pipa lililowahi kuwa na mafuta linaweza kulipuka likikatwa kwa moto, hata kama linaonekana tupu.

Kabla ya kuwasha mashine, waya za betri zifunguliwe, tanki la mafuta liondolewe kama kazi iko karibu nalo, viti na tapi vitolewe, na ndoo ya mchanga ikae karibu.

Mwenye gari apite wakati gani?

Wengi wanarudi garajini siku ya kuchukua gari, rangi imekwisha kukauka. Hapo hakuna cha kuona tena. Siku ya kupita ni ile ambayo bati jipya limefungwa na pensi na visi, kabla ya sudire. Mwenye gari afungue na kufunga kila mlango, aangalie kama chuma kilichobaki ni kizima, aulize bati limetoka wapi. Apite tena kabla ya mastiki, aone sudire kwa macho yake.

Fundi anayejua kazi hatakasirika. Naye anajua kwamba gari hiyo kesho itapakia watu.