Kinga dhidi ya wizi iliyofichika ndani ya simu, na jinsi ya kuiwasha

Simu nyingi za Android zinazotumiwa na wakazi wa Nairobi zina kinga dhidi ya wizi ambayo wenyewe hawajawahi kuiwasha. Kinga hiyo ilianza kuingia kimya kimya kupitia masasisho ya programu mnamo Oktoba 2024. Hailipiwi, na kuiwasha ni kazi ya dakika chache. Kwa wakazi wa wadi ya Mountain View, ambao wengi wao hupita Waiyaki Way kila siku wakienda na kurudi kazini, dakika hizo zinaweza kuokoa zaidi ya bei ya simu.

Kwa nini nywila ya skrini haitoshi

Mara nyingi simu hunyakuliwa ikiwa wazi mkononi. Abiria aliyeketi dirishani anajibu ujumbe matatu ikiwa kwenye msongamano. Mwingine yuko steji ya Kangemi akiita teksi, au anatafuta mtaa kwenye ramani katikati ya jiji. Wakati huo nywila haimzuii mwizi, kwa sababu mwenye simu ameshaifungua.

Anayeikimbia nayo hapati kifaa pekee. Anapata ujumbe, barua pepe, picha za stakabadhi, na programu za benki na za mikopo. PIN ya M-Pesa bado inalinda pesa, lakini kinga hiyo hudhoofika ikiwa PIN imeandikwa kwenye ujumbe, au ikiwa ni mwaka wa kuzaliwa unaosomeka kwenye picha ya kitambulisho iliyo ndani ya simu hiyo hiyo.

Kwa nini kinga hizi hazionekani

Simu ya Android hupokea masasisho ya aina mbili. La kwanza ni la mfumo wenyewe, ambalo huomba ruhusa na kuwasha simu upya. La pili ni la programu iitwayo Google Play services, ambayo hujisasisha yenyewe bila kumwuliza mtu. Kinga dhidi ya wizi zilipitia njia hii ya pili, ndiyo maana zimefikia simu nyingi zenye Android 10 kuendelea, toleo lililotoka 2019. Hata simu ambayo haipokei tena masasisho makubwa inaweza kuwa nazo.

Tatizo ni kwamba kinga hizi kwa kawaida huja zikiwa zimezimwa, na menyu zake hutofautiana kati ya Samsung, Tecno, Infinix, Redmi na nyinginezo. Njia rahisi ya kuzipata ni kufungua Settings, kubonyeza sehemu ya kutafuta iliyo juu, na kuandika neno "theft". Katika simu iliyowekwa lugha ya Kiswahili, neno la kutafuta ni "wizi". Kwenye simu nyingi zitapatikana pia kwa kuingia Settings, kisha Google, kisha orodha ya huduma zote, hadi "Theft protection". Baadhi ya simu za bei nafuu zenye Android nyepesi huenda zisiwe nazo.

Kinga tatu za kuwasha

"Theft Detection Lock" hutumia vihisi vya simu kutambua mwendo wa kunyakuliwa: mvuto wa ghafla unaofuatwa na mbio za miguu, pikipiki au gari. Ikitambua hivyo, hufunga skrini papo hapo. Haitambui kila tukio, na wakati mwingine inaweza kufunga skrini bila wizi wowote. Likitokea hilo, mwenye simu anaifungua tu kama kawaida.

"Offline Device Lock" hufunga skrini simu inapokatiwa intaneti kwa muda ikiwa wazi. Inalenga mwizi anayezima data haraka ili simu isifuatiliwe.

"Remote Lock" humwezesha mwenye simu kuifunga akiwa mbali, kwa kutumia simu ya jirani au kompyuta ya saiba. Anafungua anwani android.com/lock, anaandika nambari yake ya simu na kufuata maagizo. Hahitaji kukumbuka nenosiri la Google. Hili ni muhimu, kwa sababu akijaribu kuingia kwenye akaunti yake akitumia kifaa kigeni, mara nyingi Google hutuma msimbo wa uthibitisho kwenye simu ile ile iliyoibiwa. Lakini Remote Lock lazima iwashwe na nambari ithibitishwe mapema, kabla ya wizi.

Wenye iPhone nao wana kinga yao, "Stolen Device Protection", iliyokuja na iOS 17.3 mnamo Januari 2024. Hupatikana ndani ya Settings, sehemu ya Face ID au Touch ID na nywila. Ikiwa imewashwa na simu iko mbali na nyumbani au kazini, mabadiliko makubwa kama kubadilisha nenosiri la akaunti ya Apple huhitaji uso au kidole cha mwenyewe, kisha kusubiri saa moja na kuthibitisha tena.

Laini na IMEI

Simu ikifungwa, mwizi anaweza kutoa laini, kuiweka kwenye simu nyingine na kupokea misimbo ya benki. Dawa yake ni kuweka PIN ya laini kupitia menyu ya "SIM lock". Kabla ya kuiwasha, mkazi apate kwanza PIN ya sasa na namba ya PUK kutoka kwa kampuni ya simu au kwenye kadi iliyokuja na laini. Ukikosea PIN mara tatu laini hufungwa, na ukikosea PUK mara kumi hufungwa kabisa.

Nambari ya IMEI, yenye tarakimu 15, hutambulisha kifaa chenyewe. Huonekana kwa kupiga *#06#. Simu ya laini mbili huwa na nambari mbili. Ziandikwe kwenye karatasi na kuwekwa nyumbani pamoja na risiti ya simu.

Simu ikiibiwa: mpangilio wa hatua

1. Funga simu kwanza, kupitia android.com/lock au, kwa iPhone, icloud.com/find. Amri hii huifikia simu ikiwa imewashwa na ina intaneti. Ukianza kwa kusimamisha laini, simu inaweza kukosa data na amri isifike.

2. Mara tu baada ya hapo, pigia kampuni ya simu isimamishe laini na huduma ya pesa. Kwa Safaricom na Airtel nambari ni 100, ukitumia laini ya kampuni hiyo hiyo. Ijulishe benki pia.

3. Ripoti katika kituo cha polisi kilicho karibu ukiwa na IMEI, na uchukue nambari ya OB. Kampuni ya simu au ya bima inaweza kuiomba.

4. Ramani ikionyesha simu ilipo, usiifuate mwenyewe wala na marafiki. Wape polisi taarifa hiyo.

Kabla ya kununua simu iliyotumika

Wizi wa simu huendelea kwa sababu kuna soko. Chini ya kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu, kupokea mali huku ukijua au ukiwa na sababu ya kuamini kuwa imeibwa ni kosa linaloweza kuleta kifungo cha hadi miaka 14. Mnunuzi wa simu kuukuu adai risiti, alinganishe IMEI ya risiti na ile inayoonekana kwa *#06#, na ahakikishe kuwa muuzaji ameondoa akaunti yake ya Google au Apple mbele yake. Simu inayodai akaunti ya mtu mwingine baada ya kufutwa haifai kununuliwa, hata kama bei ni ya kuvutia.

Vijana wanaozifahamu menyu hizi wanahimizwa kuwasaidia wazazi, majirani na wafanyabiashara wanaozifahamu kidogo, hasa katika kuthibitisha nambari ya Remote Lock. Hiyo ndiyo hatua isiyoweza kufanywa baada ya simu kupotea.