Nani Apime Ubao wa Kupandia?

Mwaka 2020 Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani, alitoa filamu iitwayo En route pour le milliard. Inawafuata manusura wa Vita vya Siku Sita, vile vya Juni 2000 ambapo majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji wetu, wakishuka Mto Kongo hadi Kinshasa kudai fidia. Wengi wao vita viliwaacha bila mguu au mkono. Watu huitazama kama filamu ya haki, na ndivyo ilivyo. Sisi wachora ramani tunaona humo na ripoti ya usafiri: mwenye magongo anapandaje boti lililojaa watu na mizigo, analala wapi, mvua ikija anafanyaje. Habari za namna hiyo hazimo katika ramani yoyote ya simu.

Hazimo kwa sababu ya jinsi data za usafiri zinavyoandikwa. Mfumo unaotumiwa zaidi duniani, GTFS, ulianza mwaka 2005 kwa ushirikiano wa Google na shirika la usafiri wa umma la Portland, Marekani. Ndio unaoiwezesha simu kukuambia upande basi gani na ushukie wapi. Kila kituo humo kina nafasi ya tarakimu moja kuhusu kiti cha magurudumu: 1 maana yake inawezekana kupanda, angalau kwa baadhi ya magari, 2 haiwezekani, 0 hakuna habari. Hiyo 0 ndiyo balaa. Mwandika data asiyeulizwa na mtu huacha nafasi wazi, na nafasi iliyo wazi husomwa kama 0. Mwenye ulemavu anabaki hapo alipokuwa kabla ya simu: atoke nyumbani akajionee.

Nairobi walishathibitisha kwamba usafiri usio na ratiba rasmi unaweza kuandikwa. Mradi wa Digital Matatus ulishirikisha Chuo Kikuu cha Nairobi na vyuo vya Marekani. Wanafunzi walipanda matatu wakiwa na simu, wakarekodi njia na vituo, na mwaka 2014 ramani ya njia zaidi ya 130 ikatoka. Lakini matatu ina njia yake inayojulikana. Kisangani ni pikipiki, toleka (teksi za baiskeli) zilizobaki, mitumbwi na boti. Pikipiki hupita popote abiria anapotaka. Kwa hiyo jambo la kuandika hapa ni mahali pa kupandia na kushukia, zaidi ya njia yenyewe.

Na mahali penye uzito kuliko pote ni mtoni. Kati ya komini sita za mji, tano ziko ukingo wa kulia. Lubunga iko peke yake ng'ambo, na huko ndiko kilipo kituo cha reli ya Ubundu, ile ya kilomita 125 inayozunguka maporomoko. Mkazi wa Lubunga mwenye shughuli Makiso, mojawapo ya zile tano, hana budi kuvuka.

Sasa simama bichi, yaani mahali pa kupandia mitumbwi, uangalie ukingo. Maji yakijaa, kwa kawaida kuelekea mwisho wa mwaka, mtumbwi unasogea karibu na ardhi ngumu. Yakipungua, mita kadhaa za tope na mteremko hujitokeza, na mtu anapita juu ya ubao. Ubao una upana gani? Gurudumu la nyuma linaenea? Umefungwa, au unacheza mtu akiukanyaga? Bichi moja, jibu la Novemba si jibu la Machi. Wheelmap, ramani iliyoanzishwa Berlin mwaka 2010 na watu wenye ulemavu wakiwa mstari wa mbele, huhesabu kwamba mlango wenye ngazi moja isiyozidi sentimita 7 unafikika kwa kiasi. Kipimo kizuri kwa duka la mkate la Berlin. Ukikileta kwenye tope la Lubunga utajaza ramani nzima rangi nyekundu, na watu watazidi kuvuka kila siku kama kawaida, kwa kubebwa.

Kubebwa huko nako ni data. Nani anabeba, kwa bei gani, na baiskeli ya mikono inalipiwa kama abiria au kama mzigo? Mpimaji mzima wa viungo hatauliza hayo. Atapima mteremko kwa simu yake na kurudi nyumbani ameridhika. Ndiyo maana vyama vya watu wenye ulemavu visiitwe siku ya kuzindua ramani tu, viitwe siku ya kuandika maswali. Asiyeona atataka kujua ukingo unaishia wapi na mfereji ulio wazi uko upande gani. Kiziwi atataka nauli iandikwe, maana wapakiaji huitangaza kwa kelele. Maswali haya yana nafasi katika OpenStreetMap, ambayo mtu yeyote huweza kuihariri na ambayo hukubali maelezo ya maneno pamoja na ndiyo au hapana. Simu ya kawaida hurekodi bila mtandao, kisha hutuma data jioni ukipatikana.

Hapa mimi ni mkali: rekodini mahali, si mtu. Orodha ya majina ya walemavu na nyumba wanazoishi, katika mji uliopitia tuliyopitia, isiandikwe kabisa.

Sheria iko. Kongo iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2015, ambao kifungu chake cha 9 kinataja usafiri waziwazi, na tarehe 3 Mei 2022 ikatunga sheria yake ya kuwalinda. Kinachokosekana ni mtu wa kurudi bichi maji yakipungua na kusahihisha aliyoandika wakati wa mafuriko. Kazi hiyo inamfaa anayevuka hapo kila wiki, na anapaswa kulipwa: siku nzima akipima ubao ni siku ambayo hakuuza kitu sokoni, na vifurushi vya intaneti havitolewi bure.