Masikio yaliyotokeza: kabla hujampeleka mtoto kwenye operesheni

Likizo ya kiangazi ikikaribia, suali moja hurudi kwa wazazi wetu wa Maskati, Dubai na hata London. Mtoto ana masikio yaliyotoka nje, wenzake skuli wanamcheka, je, tumpeleke akafanyiwe operesheni? Suali linaonekana dogo mpaka likufike nyumbani. Baba anasema mwacheni, mwanamume hatizamwi masikio. Mama hapati usingizi. Na bibi yake huko Unguja, kwenye simu, anauliza: hayo masikio si ya babu yake, sasa mnataka kumkata babu?

Kwenye hilo la kurithi, bibi yuko sawa. Masikio ya namna hii hutembea katika ukoo, na si haba: makadirio ya kawaida ni karibu watu 5 katika kila 100. Si ugonjwa, wala hayana uhusiano na kusikia. Chanzo ni umbo la gegedu, ule mfupa laini unaolipa sikio sura yake. Ama mkunjo wa ndani, unaopita sambamba na ukingo wa sikio, haukujikunja vizuri, ama kile kibakuli cha katikati kina kina kirefu kuliko kawaida. Wengine wana yote mawili. Wako wanaodai ati ni kofia inayoyasukuma masikio nje. Kofia haina kosa, inayaonyesha tu. Kijana wa Oman anakwenda skuli na kanzu na kofia, nywele zimekatwa fupi, na masikio yako wazi mbele ya kila mtu. Dada yake akikua ana mtandio wa kumsitiri.

Kama mtoto amezaliwa nyumbani kwenu wiki hii, soma hapa kwanza, maana huenda operesheni msiihitaji kabisa. Siku za mwanzo gegedu la mtoto mchanga huwa laini sana kwa sababu ya homoni za mama zilizobaki mwilini mwake. Wakati huo daktari anaweza kuweka kifaa kidogo laini kinachofuata mikunjo ya sikio, kikashikiliwa na plasta kwa wiki chache, na sikio likakaa. Halitiwi kisu wala ganzi. Lakini mlango huo hufungwa haraka. Matokeo mazuri hupatikana kikianza kuwekwa ndani ya wiki mbili tatu za mwanzo, na kila wiki inayopita gegedu linakuwa gumu zaidi. Wazee wetu walikuwa wakimkanda mtoto kichwa na pua ndani ya arobaini, na hata kama si kila walichokanda kilibadilika, walijua kuwa siku zile mwili wa mtoto bado ni laini. Ila msijaribu wenyewe kwa gundi au plasta za dukani. Ngozi ya mtoto mchanga huchubuka upesi. Mwonyesheni daktari wa watoto kabla arobaini haijapita.

Siku hizo zikishapita, kinachobaki ni upasuaji, unaoitwa otoplasti. Si jambo la juzi. Daktari Edward Ely wa New York aliandika juu ya operesheni ya aina hii mwaka 1881, na mgonjwa wake alikuwa mvulana aliyekuwa akichekwa na wenzake. Mwaka 1963 Jack Mustardé, mpasuaji wa Scotland, alieleza njia ya kulikunja gegedu kwa nyuzi badala ya kulikata sana, na mpaka leo wapasuaji wengi hufuata njia hiyo au kuichanganya na nyingine. Daktari hupasua nyuma ya sikio, hulikunja gegedu kwa nyuzi za kudumu au hulipunguza, halafu hushona. Kazi huchukua saa moja hadi mbili. Mtoto hulazwa kwa dawa ya usingizi, mtu mzima mara nyingi hupigwa ganzi tu. Kovu hukaa nyuma, katika mkunjo, ambapo si rahisi kuonekana.

Wapasuaji kwa kawaida hawamgusi mtoto wa chini ya miaka 5, kwa kuwa sikio bado linakua. Akifika 5 au 6 sikio limekaribia ukubwa wa utu uzima, na gegedu bado halijawa gumu sana. Kwa hiyo wazazi wengi huona heri wamalize mapema, kabla hajaanza darasa la kwanza na kupewa jina la utani.

Hapo mimi sikubaliani nao. Mtoto wa miaka 5 asiyejali masikio yake hana shida, mwenye shida ni anayemtazama. Umri unaoruhusu operesheni si umri unaoilazimisha. Mtoto wa miaka 8 au 9 aliyekuja mwenyewe kusema, si mara moja, kwamba hataki kupigwa picha au anajificha mchezoni, huyo asikilizwe, na baba asimjibu kwa kicheko. Huyo ataelewa kwa nini anafungwa bendeji na atastahamili. Na jamani tuambizane kweli: mara nyingi jina la utani halianzii skuli. Linaanzia kwenye sinia la Iddi, kwa ami au binamu anayemwita mtoto "popo" na sote tunacheka. Hilo linaweza kukomeshwa leo, bila daktari.

Halafu liko suali la dini, ambalo katika nyumba nyingi ndilo la kwanza: si kubadilisha maumbile aliyoyaumba Mwenyezi Mungu? Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu ililijadili jambo la upasuaji wa urembo katika kikao chake cha Putrajaya, Malaysia, Julai 2007. Iliruhusu kutengeneza kasoro za kuzaliwa na kuondoa sura yenye kumletea mtu madhara ya mwili au ya nafsi, na ikakataza kubadilisha umbo la kawaida kwa kufuata matamanio na kuiga wengine. Masikio yaliyotokeza yanaangukia wapi? Inategemea mtoto na kiasi cha madhara, na hapo muulizeni shekhe mnayemwamini, mkimweleza hali ya mtoto kama ilivyo bila kuikuza.

Kwa hatari zake, moja inatuhusu sisi hasa. Ngozi yenye weusi zaidi ni nyepesi kufanya keloidi, lile kovu linalovimba na kuendelea kukua, na sikio ni moja ya sehemu zinazopenda kulifanya. Familia zetu zina damu mchanganyiko, basi angalieni: kuna dada, shangazi au mama aliyetogwa masikio likatoka donge? Mwambieni daktari kabla, hata kama hakuuliza. Mengineyo ni damu kujikusanya chini ya ngozi, gegedu kuingia vijidudu, masikio kutolingana, au nyuzi kulegea na sikio kurudi nje. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, hasa upande mmoja, mrudisheni mtoto hospitali siku ile ile.

Uingereza, NHS kwa kawaida hailipii operesheni hii kwa kuihesabu ya urembo, kwa hiyo walioko huko hulipa mifukoni. Maskati, Hospitali ya Khoula inajulikana kwa upasuaji wa plastiki, na ziko za binafsi pia. Wengine huona rahisi kwenda India au Thailand. Hakuna ubaya, ila kumbukeni kazi haimaliziki chumba cha operesheni. Bendeji ya kichwa hukaa karibu wiki, kisha utepe wa kulalia usiku kwa wiki kadhaa, na mpira na kuogelea husubiri. Masikio yakifunguliwa huwa yamevimba na yana wekundu, na mtoto anaweza kulia akidhani yameharibika, basi mwambieni mapema. Damu ikijikusanya itajikusanya siku hizo za mwanzo, na anayetakiwa kuiona ni yule aliyeshona. Tikiti ya kurudi nyumbani ikatwe kwa tarehe ya baada ya miadi ya kufungua bendeji.