Nusu ya Pili ya Gita

Gita la umeme likipigwa bila kuchomekwa popote, sauti yake haivuki meza. Mwili wake ni ubao mzima usio na tumbo, na nyuzi zake hulia kama nzi aliyenaswa ndani ya kikopo. Waya ukichomekwa na amplifaya ikawashwa, uzi uleule hujaza ukumbi. Ndiyo maana wapigaji wakongwe huihesabu amplifaya kuwa nusu ya ala yenyewe. Inasikitisha kwamba nusu hii ndiyo inayofikiriwa mwisho: pesa yote huishia kwenye gita jekundu linalong'aa, kisha kwa chenji iliyobaki linatafutwa boksi lolote lenye spika.

Kinachotokea kati ya uzi na spika kinastahili kuelezwa taratibu. Chini ya nyuzi kuna sumaku zilizozungushiwa waya wa shaba, mwembamba kama unywele, maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, uga wa sumaku nao hutikisika, na ndani ya koili huzaliwa umeme. Umeme huo ni mdogo, mara nyingi haufiki hata volti moja. Wengi hudhani amplifaya huuchukua na kuuvimbisha mpaka uwe mkubwa. Sivyo. Nguvu inayosukuma spika hutoka ukutani, kwenye soketi. Umeme wa gita ni kama mkono ulioshika bomba: mkono hautoi maji, hufungua na kufunga tu, na maji yenyewe yako kwenye tangi. Kazi ya kulifungua na kulifunga bomba hilo, mamia au maelfu ya mara kwa sekunde, ilifanywa kwanza na valvu, chupa ya kioo aliyoivumbua Mmarekani Lee de Forest mwaka 1906. Transista ilikuja baadaye, mwaka 1947.

Bonde la Kongo lina kisa chake katika habari hii. Mwaka 1953 mpiga gita Mbelgiji, Bill Alexandre, alifika Léopoldville, Kinshasa ya leo, na gita la umeme kwa ajili ya studio iliyoitwa CEFA, na vijana wa mjini wakaisikia sauti ambayo ingekuja kuibeba rumba. Lakini mfano wa kusisimua zaidi unatoka kwa mtu ambaye hakuwa na duka la kumuuzia chochote. Mawangu Mingiedi, mwanzilishi wa kundi la Konono No. 1, alikuwa mpigaji wa likembe, kile kisanduku cha mbao chenye vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Kwa kelele za magari na za watu wa Kinshasa, likembe halisikiki hata hatua kumi. Mingiedi akachukua sumaku kutoka kwenye vipuri vya magari mabovu, akazizungushia waya wa shaba, akazifunga kwenye likembe zake, kisha akaunganisha na amplifaya. Ni kanuni ileile ya gita la umeme, ila imeundwa kwa mikono kutokana na vyuma chakavu. Sauti ilitoka ikiwa imechanika na kukoroma, na kundi likaufanya mkoromo huo kuwa lugha yake. Albamu yao Congotronics, iliyotoka mwaka 2004, iliwapeleka kwenye majukwaa ya Ulaya na Marekani.

Je, wajua kwamba amplifaya ya wati 100 haina sauti mara mbili ya ile ya wati 50? Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopoteza fedha. Sikio la binadamu halihesabu kama mita ya umeme. Wati zikiongezwa maradufu, sauti hupanda kwa desibeli 3 tu, tofauti inayosikika lakini isiyomshtua mtu. Ili sikio likiri kwamba sauti imekuwa mara mbili, wati zinapaswa kuongezwa takriban mara kumi. Amplifaya ya wati 10 na ya wati 100 ndizo zenye tofauti hiyo.

Spika nayo ina neno lake. Inayotoa desibeli 100 kwa wati moja, ikipimwa kwa umbali wa mita moja, huizidi ile ya desibeli 97 kana kwamba wati zote zimeongezwa maradufu. Kwa hiyo anayesoma namba ya wati peke yake, bila kuuliza habari za spika, amesoma nusu ya ukurasa.

Basi wati za ziada zina kazi gani? Zinanunua usafi. Amplifaya ikiombwa zaidi ya uwezo wake, vilele vya mawimbi ya sauti hukatwa, na sauti huanza kukwaruza. Wapo wanaoutafuta mkwaruzo huo. Mwezi Machi 1951 kundi la Ike Turner lilisafiri kwenda Memphis kurekodi wimbo wa Rocket 88, na amplifaya ya mpiga gita Willie Kizart ikaharibika njiani. Mwenye studio, Sam Phillips, alijaza karatasi kwenye spika iliyoumia, wakarekodi hivyohivyo, na sauti ile iliyochakaa ikawa miongoni mwa dalili za kwanza za muziki wa roki. Mpiga roki anaweza kununua amplifaya ndogo ya valvu na kuisukuma mpaka ilie.

Dansi na rumba zinataka kinyume chake. Humo magita mawili au matatu husukana, solo juu, gita la pili kati, ridhimu chini, na kila noti inapaswa kusikika peke yake kama punje ya mchele uliopikwa vizuri. Sauti ikikwaruza, msuko wote huvurugika na kuwa uji. Mpigaji wa aina hii anahitaji amplifaya yenye akiba, inayojaza ukumbi huku bado haijafika hata nusu ya uwezo wake. Mifano inayojulikana ni Twin Reverb ya Fender, ya valvu, iliyotoka mwaka 1963, na Jazz Chorus JC-120 ya Roland, ya transista, iliyotoka mwaka 1975 ikiwa na wati 120 na spika mbili za inchi 12. Kila moja ina uzito wa karibu kilo 29, na mtu asiye na gari anapaswa kuufikiria uzito huo kabla ya kulipa.

Kosa jingine linaumiza zaidi kwa sababu linaua chombo kizima. Uzi mnene wa gita la kawaida, ukipigwa wazi, hutikisika mara 82 kwa sekunde. Wa gita la besi ni mara 41. Spika ya gita ina karatasi nyepesi isiyoundwa kwa mwendo mrefu wa kwenda mbele na kurudi nyuma. Ikichomekewa besi na kufunguliwa sauti, karatasi husukumwa kupita kipimo chake mpaka ichanike, au koili iliyo nyuma yake iungue. Kinanda nacho hakifai humo, ingawa hakiui upesi hivyo: spika ya gita haiimbi sana juu ya mitikisiko 5,000 kwa sekunde, kwa hiyo kinanda hutoka kimefunikwa blanketi. Kwaya nyingi zina amplifaya moja tu, na mumo humo huchomekwa kinanda, besi na kipaza sauti cha mwimbaji. Kwa fedha za kwaya, bora kuanza na amplifaya ya kinanda, maana hiyo huvumilia ala nyingi, kuliko ya gita yenye jina kubwa.

Ununuzi wa amplifaya ya mtumba ni kazi ya masikio, macho na pua. Mnunuzi makini huenda na gita lake mwenyewe na waya wake mwenyewe, maana waya mbovu wa muuzaji unaweza kusingiziwa kila kosa. Kwanza husoma kibandiko cha nyuma. Chombo kilichotoka Marekani mara nyingi kimeandikwa volti 120. Kikichomekwa moja kwa moja kwenye umeme wa Tanzania wa volti 230, au wa Kenya wa 240, fyuzi hukatika, na fyuzi isipowahi, transfoma huungua. Kisha huiwasha bila kupiga kitu na kusikiliza. Mvumo mdogo ni wa kawaida. Mvumo mzito unaotikisa kifua ni dalili ya kuzeeka kwa kapasita, vile vikopo vinavyohifadhi umeme ndani ya chombo. Kila kitufe huzungushwa mwanzo hadi mwisho: kikikwaruza kwa vumbi, hilo husafishika kwa dawa ya kupuliza na ni sababu nzuri ya kuomba punguzo. Baada ya hapo hupigwa noti nzito, kwa nguvu, kwa sauti ileile itakayotumika jukwaani. Na asiharakishe. Hitilafu nyingi hujitokeza chombo kikishapata joto, kwa hiyo nusu saa ya kupiga dukani ni haki ya mnunuzi. Harufu ya plastiki iliyoungua haina maelezo mazuri, hata muuzaji awe na ulimi mtamu kiasi gani.

Wengi, hata hivyo, hawajawahi kununua. Katika historia ya dansi la Tanzania, mwanamuziki mara nyingi alikuwa mwajiriwa, na vyombo, kama wenyewe wanavyoviita, vilikuwa mali ya tajiri au ya taasisi. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi; Mlimani Park Orchestra ilianza mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, kabla ya kuhamia Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, DDC. Mpiga solo aliyependwa na mji mzima angeweza kuhama bendi na kipaji chake tu, huku gita na amplifaya vikibaki stoo. Utaratibu huo ulizaa muziki mzuri ajabu, lakini pia uliwanyima wanamuziki uhuru, kwa kuwa asiye na vyombo hana bendi.

Leo anayekosa vya kwake hukodi kwa usiku mmoja au kwa wiki. Kukodi si unyonge: kwa bendi yenye onyesho moja kwa mwezi, ni busara kuliko kununua chombo kitakachoota ukungu chumbani. Jambo moja tu lisisahaulike. Chombo kijaribiwe mbele ya mwenye mali kabla hakijapakiwa, mikwaruzo na hitilafu zake ziandikwe au zipigwe picha, na ijulikane mapema nani atalipa spika ikiungua.

Kuhusu utunzaji, adui wa kwanza ni umeme wenyewe. Umeme ukikatika katikati ya onyesho, hatari kubwa iko pale unaporudi, kwa sababu unaweza kurudi kwa kishindo cha volti zilizopanda. Swichi izimwe mara tu giza linapoingia, na iwashwe baada ya taa kutulia. Stabilaiza nzuri ni ghali, lakini transfoma mpya ni ghali zaidi. Fyuzi ikikatika, iwekwe nyingine ya kipimo kilekile. Kuifunga kwa karatasi ya bati ya pakiti ya sigara ni kumfukuza mlinzi na kuacha mlango wazi.

Pini ya tatu ya plagi, ile ya ethi, inastahili heshima kuliko inavyopewa. Tarehe 3 Mei 1972, katika mji wa Swansea nchini Wales, Les Harvey, mpiga gita wa kundi la Stone the Crows, alishika kipaza sauti jukwaani akapigwa shoti, akafa. Vyombo havikuwa na ethi ya kuaminika. Katika kumbi zetu bado inaonekana plagi ya pini mbili ikisukumwa kwa kijiti ndani ya soketi ya matundu matatu, na mwimbaji anayeshika gita huku midomo ikigusa kipaza sauti ndiye anayekuwa njia ya umeme. Na asiye fundi asifungue amplifaya ya valvu hata ikiwa imechomolewa. Ndani yake kapasita zinaweza kubaki na mamia ya volti.

Valvu zina sharti jingine: amplifaya yake isiwashwe na kupigwa bila spika kuunganishwa, kwa sababu transfoma inayopeleka nguvu kwenye spika inaweza kuungua. Idadi ya omu, kipimo cha ukinzani wa umeme, kwenye spika ilingane na iliyoandikwa nyuma ya amplifaya. Waya wa gita pia usitumike kuunganishia spika, ingawa plagi zinafanana; ule ni mwembamba, umetengenezwa kubeba umeme mdogo, nao hupata moto na kufanya shoti.

Pwani ina adui zake. Chumvi ya hewa hula soketi na viungio, unyevu wa masika hulegeza karatasi ya spika, na mende hupenda kujificha kwenye boksi lenye vuguvugu. Kitambaa cha pamba hufunika vizuri kuliko nailoni, inayofungia jasho ndani. Chombo kiinuliwe kutoka sakafu ya saruji, na kiwashwe japo saa moja kila wiki, kwa sababu joto lake hukikausha na kapasita huzeeka haraka zinapolala.

Onyesho likiisha, vijana wa bendi hutaka kupakia haraka na kwenda kulala. Amplifaya ya valvu iachwe kwanza dakika kumi hivi ipoe, maana valvu yenye moto ni rahisi kuumia kwa mitikisiko ya barabara. Valvu iliyopasuka haitengenezwi, hubadilishwa. Viwanda vinavyozitengeneza kwa wingi vimebaki vichache tu duniani, katika Urusi, China na Slovakia, na fundi wa Dar es Salaam au Mombasa anayehitaji jozi moja huenda akaisubiri kutoka Čadca, mji mdogo wa milimani nchini Slovakia ambako kampuni ya JJ bado inafungia nyaya ndani ya chupa za kioo.